Hita ya tangi haizimwi mchana

Baridi ya Juni hadi Agosti ikishaingia Nairobi, simu ninazopigiwa hufanana: "Fundi, samaki wamekufa na baridi, na hita ninayo." Ninauliza hita huwaka saa ngapi. "Usiku tu. Mchana kuna jua, ya nini kumaliza tokeni?"

Jua lipi, jamani? Julai ya Nairobi ni mawingu kutwa, na joto la nje likijitahidi sana hufika nyuzi 22 hivi. Ukichomoa hita saa moja asubuhi maji yakiwa nyuzi 25, jioni utayakuta 21. Unaichomeka tena baada ya taarifa ya habari, na kufikia asubuhi yamerudi 25. Kesho vivyo hivyo, na keshokutwa. Halafu samaki akianza kubana mapezi na kujificha pembeni, lawama inakwenda kwa baridi.

Hita ina thamostati ndani yake. Maji yakifika kiwango ulichoweka inajizima, yakishuka inajiwasha. Siku ambayo nyumba ina joto la kutosha, haili stima hata ikikaa kwenye soketi kutwa. Siku ya baridi utaokoa kidogo, sikatai, lakini sehemu ya akiba hiyo inarudi usiku wakati hita inapoyapandisha upya maji uliyoyaacha yapoe. Hita ya wati 100 ikiwaka saa 24 bila kupumzika hutumia yuniti 2.4, na hita iliyotoshana na tangi lake haiwaki hivyo. Nusu ya hapo ndiyo unagombana nayo.

Anayelipa ni samaki. Hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata maji. Maji yakishuka nyuzi nne, usagaji wa chakula unapungua na kinga inalegea, wakati chakula cha jioni bado kiko tumboni. Yakipanda, anahitaji oksijeni zaidi kutoka kwenye maji ambayo sasa yanabeba kidogo: usawa wa bahari, lita moja hushika miligramu 9.1 hivi kwa nyuzi 20, na 7.6 kwa nyuzi 30. Hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, toa karibu moja ya tano. Tofauti ya nyuzi moja au mbili kati ya mchana na usiku haimsumbui gapi, yule samaki mdogo wa mapambo. Hata nyuzi 22 zisizobadilika atazivumilia vizuri kuliko 26 asubuhi na 21 jioni.

Kama bili ndiyo inayokunyima usingizi, nunua mfuniko wa kioo. Hili nalirudia hadi wateja wanacheka. Tangi lililo wazi hupoteza joto jingi kwa mvuke: lita moja ikivukizwa huondoka na joto la karibu theluthi mbili za yuniti. Kisha chukua ile povu nyeupe ngumu iliyokuja na boksi la TV, ibandike nyuma na pembeni mwa tangi, weka nyingine chini kama tangi ni la kukaa juu yake. Sijui kwa nini watu wanaitupa.

Na pima joto la maji alfajiri. Kipimo cha saa tisa alasiri hakiniambii kitu.

Mengine ninayoambiwa na wateja ni haya. "Nimeizungusha hadi 32 ili ipashe haraka." Wati ni zilezile. Kile kitufe kinaamua isimame wapi, hakiongezi kasi. Utasahau, na asubuhi utakuta supu.

"Taa ya hita imezimika, imeungua." Angalia kipimajoto kwanza.

"Tangi ni dogo, halina shida." Ndilo lenye shida. Wati 100 ndani ya lita 20 hupandisha maji nyuzi nne kwa saa, na thamostati ikiganda hujapata hata muda wa kugundua. Wati moja kwa lita inatosha kwa nyumba nyingi za hapa. Kumimina birika la maji ya moto tangini ni balaa ileile, tena haraka zaidi.

"Samaki wa Afrika wamezoea hali yetu." Gapi ametoka Amerika Kusini, beta Thailand, samaki wa dhahabu China. Hata sikilidi, jamii ya samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao kweli ni wetu, wametoka kwenye maji yenye kina cha karibu mita 1,470, ambayo hayapashwi wala kupozwa na siku moja. Juu ya ziwa hilo joto hucheza kati ya nyuzi 24 na 28 hivi kwa mwaka mzima. Wewe unawapa mchezo huo kabla ya chajio.

"Baridi inaleta madoa meupe." Madoa ni kimelea, na kimelea huingia na samaki mpya, mmea au maji ya tangi jingine. Baridi ya ghafla inamfungulia mlango tu. Mtenge samaki mpya wiki tatu au nne.

Wateja wa Mombasa shida yao ni Machi, na dawa wanayoipenda ni barafu. Chupa ya nusu lita iliyoganda hushusha lita 100 kwa nusu nyuzi tu, lakini kwenye lita 20 inashusha zaidi ya mbili na nusu kwa mkupuo, kisha joto linarudi. Huko fanyeni kinyume cha ninayowaambia watu wa Nairobi: ondoeni mfuniko, wekeni wavu ili samaki wasiruke, elekezeni feni ndogo juu ya maji na muongeze jiwe la hewa. Mvuke ule unaowaibia joto wa bara utawapozea tangi nyuzi mbili hadi tatu, ila siku za unyevunyevu mwingi utapungua nguvu. Maji yanayopungua yafidieni kila siku, kidogo kidogo, kwa maji yaliyokwisha tolewa klorini.