Ukuta wa Udongo Ukilowa, Usiukimbilie na Saruji

Mvua za Dodoma zina msimu mmoja, na zikishakatika mwezi wa Aprili simu yangu hailali. Wanaopiga ni watu wa vijiji vya kando ya mito, na ombi lao ni lilelile: "Fundi, maji yaliingia hadi magotini. Njoo utupigie plasta ya saruji kabla ukuta haujaanguka." Nimelijibu ombi hili chini ya miti, kwenye pikipiki na msibani. Sasa naliandika.

Plasta ya saruji haiponyi ukuta wa udongo uliolowa. Inaumaliza.

Tofali mbichi hunyonya maji kwa chini kama utambi wa kibatari unavyonyonya mafuta ya taa. Maji ya mto yakishaondoka, yale yaliyobaki ndani ya ukuta yana njia moja tu ya kutoka: kupitia usoni mwa ukuta, yapigwe na jua na upepo. Ukipaka saruji umeifunga njia hiyo. Halafu udongo ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, na saruji haifuati mwendo huo. Kwa hiyo plasta inaachana na ukuta na kupata nyufa nyembamba kama unywele. Mvua inayofuata inaingia kwenye nyufa hizo, nayo haipati pa kutokea. Kwa nje unaona nyumba nadhifu, kumbe ndani tofali za chini zinarudi kuwa tope.

Niliitwa kwa mama mmoja, kijiji cha kando ya Mto Kinyasungwe. Alikuwa ameuza mbuzi watatu akanunua saruji, na fundi mwingine akampigia plasta wiki ileile ya mafuriko. Nilifika miezi miwili baadaye, kiangazi kimeshakolea, ukuta umepakwa hadi rangi. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole usawa wa kiuno: mlio mzito. Nikashuka usawa wa goti: po, po, kama debe tupu. Nikachomeka ncha ya mwiko, na kipande cha plasta ukubwa wa sinia kikabanduka chote. Nyuma yake udongo ulikuwa mweusi, unameta maji. Nilichukua spoku ya baiskeli nikaisukuma kwa vidole viwili, ikazama yote. Upande wa pili wa ukuta huo ndiko kulikokuwa na kitanda cha wajukuu zake. Tuliwahamisha jioni ileile, na ule ukuta tukaushusha wenyewe kesho yake. Mbuzi watatu walikuwa wamekwenda bure, na nilionea aibu ufundi wetu.

Sasa sikiliza kazi inavyokwenda. Kwanza chimba mfereji, maji yasituame miguuni pa nyumba. Paa lishikiwe na nguzo kabla hujagusa ukuta, na watu walale kwa jirani. Bandua saruji yote iliyopo, kuanzia chini hadi nusu mita juu ya alama iliyoachwa na maji. Fungua milango na madirisha, kisha subiri. Hapa ndipo watu wananichukia, maana kusubiri kwenyewe ni wiki nyingi, lakini kiangazi chetu cha jua kali na upepo mkavu ni fundi asiyelipwa. Pima kwa spoku. Ikiwa bado inazama, bado.

Ukuta ukishakaza, tofali zilizoliwa chini zibadilishwe kwa mawe au tofali za kuchoma, kipande cha mita moja kwa wakati mmoja. Kiache kipande kikaze ndipo uende kingine. Ukikata urefu wote kwa siku moja, ukuta utakulalia. Saruji ina mahali pake, na mahali penyewe ni hapo kwenye msingi wa mawe, uinuke angalau futi moja na nusu juu ya ardhi. Juu ya hapo paka udongo wenye mchanga, uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, au tumia chokaa. Kila kiangazi kagua, ziba. Bibi zetu wa Kigogo walikuwa wakiyasiliba matembe yao, zile nyumba za udongo, kwa namna hiyo, na hawakuwa wanafanya hivyo kwa kukosa hela ya saruji tu. Walikuwa wanaujua udongo.

Mbali na plasta, kuna maneno mengine matatu ninayoambiwa kila msimu. La kwanza: "Upepo umeng'oa bati, basi nitapanga mawe juu." Upepo wa dhoruba hauling'oi paa kwa kuligandamiza. Unaingia chini na kulivuta juu, na jiwe lako litamwangukia mtoto. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zifungwe kwa waya au bamba la chuma linaloshuka ndani ya ukuta, safu tatu au nne za tofali chini, au kwenye linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha. Papi, mbao zinazopigiliwa bati, nazo zifungwe kwenye kenchi, msumari peke yake hautoshi.

Na ukinunua bati jipya, geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28. Namba ikipanda, bati linapungua unene. Wauza duka wanajua, wewe pia ujue.

La pili: "Nisiguse kitu, nikitengeneza nitakosa msaada." Kwa imani hii nimeona familia zikilala chini ya paa lililo wazi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kwa hiyo piga picha kila ufa na kila chumba, andika orodha ya vilivyoharibika, mpelekee mtendaji wa kijiji na ubaki na nakala. Kisha funika paa lako siku hiyohiyo.

La tatu: "Mto umeshapita, hautarudi tena hapa." Mito yetu ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, ndiyo maana tunaisahau. Maji ya Kinyasungwe yameikata reli ya kati, kati ya Gulwe na Kilosa, mara nyingi, na mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliondoka na tuta na reli yenyewe. Kama reli iling'oka, tofali lako ni nini? Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni bila shughuli za kudumu, na mimi nyumba iliyoanguka ndani ya mita hizo siisimamishi tena palepale, hata ulipe mara mbili. Ila mabati, milango na fremu vinahamishika. Tafuta kiwanja mwinuko, ita vijana na mkokoteni wa punda, nami kung'oa misumari siku hiyo sitakudai.