Utambulisho wa USB: Kwa Nini Kicheza Muziki Kinachaji lakini Kompyuta Haikioni

Utambulisho wa USB ni mazungumzo mafupi ambayo kompyuta hufanya na kifaa mara tu kinapochomekwa, kabla hujaona chochote kwenye skrini. Kompyuta inauliza: wewe ni kifaa gani, umetengenezwa na nani, unahitaji umeme kiasi gani, tuwasiliane kwa utaratibu upi? Kifaa kinajibu, kinapewa namba yake, na hapo ndipo nyimbo zinaweza kuanza kuhamishwa. Mazungumzo hayo yakikatika njiani, hakuna wimbo utakaohama, hata kama betri inajaa vizuri kabisa.

Nataka tulikazie hili la betri, kwa sababu ndilo linalopotosha watu wengi. Mtu akiona alama ya chaji imewaka anaamini kebo ni nzima, kisha anaanza kuhangaika na kompyuta: anafuta programu, anaweka nyingine, anaizima na kuiwasha. Kumbe kebo ya kawaida ya USB 2.0 ina nyaya nne ndani yake. Mbili ni za umeme wa volti 5, na mbili ni za data, ziitwazo D+ na D−. Umeme unapita hata kama nyaya za data zimekufa. Zipo kebo zinazotengenezwa na nyaya za umeme peke yake, na ukizitazama kwa nje huwezi kuzitofautisha na zilizo kamili. Nyingine zilikuwa kamili, ila waya wa data umekatikia ndani, pale kebo inapoingia kwenye kichwa chake, sehemu inayokunjwa kila siku. Ipime kwa kuhamisha faili: unganisha kifaa kingine chenye tundu kama hilo kwa kebo hiyohiyo, ujaribu kunakili chochote. Kuchaji hakuthibitishi lolote kuhusu data.

Kebo ikiwa nzima, haya ndiyo yanayotokea. Ndani ya kicheza muziki cha USB 2.0 kuna rezista (kijenzi kidogo kinachozuia mkondo wa umeme) ya omu 1,500 inayoupandisha waya wa D+ hadi karibu volti 3.3. Kompyuta ikiona waya umepanda, inajua kuna kifaa kimechomekwa. Inakiamuru kianze upya, inakisoma maelezo yake, inakipa namba kati ya 1 na 127. Mpaka hapo kifaa kinatakiwa kutumia miliampea 100 tu. Kikishakubaliwa, kinaweza kuruhusiwa hadi 500.

Tarakimu hizo zinaeleza matatizo mengi. Kicheza muziki ambacho betri imekwisha kabisa huenda kisiweze hata kuwaka ili kijibu maswali, kwa hiyo kiache kichaji kwanza, kisha kichomoe na kukichomeka tena. Kile chenye diski inayozunguka ndani hula umeme zaidi, na kikichomekwa kwenye kigawanyaji cha matundu kisicho na umeme wake, kinaweza kuonekana na kupotea, kuonekana na kupotea. Kichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, na kama ni ya mezani, tumia matundu ya nyuma yaliyo kwenye ubao mkuu wenyewe.

Sikiliza pia kompyuta inasema nini, maana kila jibu linaelekeza mahali pake. Windows isipotoa mlio wala ujumbe wowote, kwa kawaida mazungumzo hayakuanza: angalia kebo, tundu, betri. Ikisema kifaa hakitambuliki, yameanza yakavurugika: waya umelegea, umeme hautoshi, au programu ya kicheza muziki imeganda na inataka kuwashwa upya. Ikitoa mlio wa kawaida lakini huoni kitu mahali ulipozoea, kifaa kimeshatambuliwa. Kinachobaki ni utaratibu wa mawasiliano, na hapa ndipo palipo na utata zaidi.

Vicheza muziki vingi hutumia mojawapo ya taratibu mbili. Ya kwanza ni MSC, ambayo baadhi ya menyu huiita UMS: kompyuta inakabidhiwa diski ya kifaa kama ilivyo, na inaonekana kama flashi, yenye herufi yake, tuseme E au F. Ya pili ni MTP, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2004 kwa kupanua utaratibu wa kamera uitwao PTP. MSC ni kama kupewa ufunguo wa stoo uingie mwenyewe. MTP ni kusimama dirishani na kumwomba mtunza stoo akuletee mzigo mmoja mmoja. Ndiyo maana kifaa kinachotumia MSC huacha kupiga muziki kikiwa kimeunganishwa: wawili hawawezi kuandika kwenye diski moja kwa wakati mmoja bila kuiharibu.

Kifaa cha MTP hakipewi herufi ya diski. Ukitafuta herufi hutaiona. Tafuta jina la kifaa. Mac haina uwezo wa MTP ndani yake, inahitaji programu ya ziada. Matoleo ya Windows yenye herufi N mwishoni huja bila vipengele vya muziki na video, na MTP haifanyi kazi mpaka uweke Media Feature Pack. Linux hutegemea maktaba ya programu iitwayo libmtp. Kwa hiyo, kama menyu ya kicheza muziki chako ina chaguo la hali ya USB, kibadilishe kutoka MTP kwenda MSC kabla hujaweka programu yoyote. Hatua hiyo moja inamaliza kesi nyingi sana. iPod zile za zamani zina njia yao: hata ukiifungua kama diski na kunakili nyimbo humo, hazitaonekana kwenye orodha, kwa sababu iPod husoma hifadhidata yake inayoandikwa na programu ya Apple, kama iTunes.

Kwa MSC kuna tatizo lake pia: herufi ambayo Windows ingekipa kifaa huenda imeshachukuliwa na diski ya mtandao. Fungua Disk Management, programu ya Windows ya kusimamia diski, ukipe kicheza muziki herufi nyingine.

Kisha ujumbe wa hatari: kompyuta inakwambia diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Tafadhali usikubali haraka. Mara nyingi jedwali la faili limeharibika kwa sababu kifaa kilichomolewa wakati uandishi haujakamilika, na nyimbo zenyewe bado zimo. Kijaribu kwenye kompyuta nyingine kwanza. Kikifunguka, nakili kila kitu, ndipo utengeneze. Ukilazimika kufomati, tumia menyu ya kicheza muziki chenyewe kama inayo. Vingi vinasoma FAT32, mojawapo ya mifumo ya kupanga faili kwenye diski, na ukivifomati kwa mfumo mwingine uitwao NTFS kompyuta itaona nyimbo zako zote ilhali kifaa chenyewe hakioni hata mmoja.

Kama kebo iliyopimwa na kompyuta mbili tofauti zimeshindwa, kosa limo ndani ya kicheza muziki. Kizime, umulike tundu lake, utoe vumbi taratibu kwa kijiti kikavu cha mbao. Tundu likicheza ukiligusa, huenda risasi ya kulehemu inayolishikilia imeachia kwenye ubao, na hiyo ni kazi ya fundi. Kabla hujampa, toa kadi ya kumbukumbu kama ipo, uisome kwa kisoma kadi, unakili nyimbo zako.