Damu baada ya kipimo cha tezi dume: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Nimekojoa damu, basi daktari ameniharibu.”
Kuchukua kinyama cha tezi dume ili kupima saratani ni kuchoma sindano, kwa kawaida kupitia njia ya haja kubwa, mara 10 hadi 12, na kila mara inatoka na kipande chembamba kama uzi. Tezi yenyewe imejaa mishipa ya damu, kwa hiyo damu kidogo hutarajiwa. Kwenye haja kubwa huonekana siku mbili tatu; kwenye mkojo siku chache, wengine hadi wiki mbili. Kwenye manii ndiko hukawia, wiki kadhaa, na rangi hugeuka kutoka nyekundu hadi kahawia kama kutu. Hii ya mwisho ndiyo inayowatisha wanaume kuliko zote, na aibu huwazuia kuuliza. Wazee wangu, ulizeni. Si dalili kwamba saratani imesambaa.

“Kabla ya kipimo, acha dawa zote zinazofanya damu iwe nyepesi.”
Hapa ndipo pa kuwa makini zaidi. Anayetumia warfarini kwa kawaida huambiwa aiache siku kama 5 kabla, kisha apimwe damu kuona kama imerudia kuganda. Aspirini ya dozi ndogo, kinyume na wengi wanavyodhani, mara nyingi haisimamishwi: damu inaweza kuonekana siku zaidi, ila uvujaji mkubwa hauongezeki. Aliyewekewa stenti (kijibomba cha kuuweka mshipa wazi) kwenye moyo akijiachisha dawa kwa sababu jirani kamwambia, damu inaweza kuganda ndani ya stenti na kumuua. Uamuzi huo ni wa daktari wa mkojo akishauriana na aliyeiandika dawa.

Mwambie daktari na yale usiyoyahesabu kuwa dawa: vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa, vidonge vya kitunguu saumu, mitishamba. Tia vyote kwenye mfuko uende navyo.

“Sindano ikipitia msambani, damu haitoki.”
Msamba ni pale kati ya korodani na tundu la haja kubwa. Njia hiyo hupunguza sana maambukizi, na damu ya haja kubwa pia. Ya mkojo na manii bado utaiona.

“Ukishatoka hospitali, ni kumwachia Mungu tu.”
Yapo ya kufanya. Kunywa maji ya kutosha ili mkojo usafishe njia. Kwa siku chache usibebe gunia wala ndoo, na usiendeshe baiskeli. Kula papai na mboga za majani, maana kujikamua chooni huweza kuamsha kidonda.

Uvujaji mkubwa ni nadra na una tiba. Daktari hubana sehemu kwa kidole au shashi, na ikishindikana huingiza mpira wenye puto, akalijaza libane pale panapovuja.

Mkojo ukitoa mabonge au ukiziba kabisa, damu ya haja kubwa isipokoma, ukisikia kizunguzungu, au homa ikifika nyuzi 38, nenda hospitali usiku huohuo.