Chupa nyeusi mezani: vita vya Balaclava vilivyoanza kabla ya vita

Kila mwaka nawaonesha vijana ninaowafundisha uhariri wa filamu picha ya Kiingereza ya mwaka 1968, The Charge of the Light Brigade ya Tony Richardson, na kila mwaka swali huwa lile lile. Safari hii lilitoka kwa kijana aliyejibanza nyuma: "Mwalimu, sasa vita vyenyewe vinaanza saa ngapi?"

Nikamwambia vimeshaanza, tena vimeanzia mezani, kwenye chupa ya mvinyo. Akaguna. Darasa zima likaguna naye.

Sikuwalaumu. Jina la filamu linaahidi farasi na panga. Badala yake unakalishwa Uingereza muda mrefu ukitazama mabwana wenye sharubu wakinuniana kwa sababu ya adabu za mezani. Nami mara ya kwanza nilichoka. Ni baada ya kuitazama mezani kwangu, kipande kwa kipande, ndipo nilipoona kwamba mtu akikata zile dakika za Uingereza, hata mara moja hataelewa kwa nini watu walikufa kule bondeni Balaclava, katika rasi ya Crimea, mwaka 1854, wapanda farasi wa Uingereza walipotumwa kuikabili mizinga ya Warusi.

Kisa cha chupa ni cha kweli. Mwaka 1840 Lord Cardigan alikuwa kamanda wa Hussars wa 11, kikosi cha wapanda farasi, na hakutaka kuona bia nyeusi kwenye mesi ya maofisa. Kwake hicho kilikuwa kinywaji cha watu wa chini. Usiku mmoja Kapteni John Reynolds aliagiza mvinyo wa Moselle kwa ajili ya mgeni, ukaletwa ndani ya chupa yake nyeusi. Cardigan akaona weusi wa chupa, akahukumu kwamba ni bia. Jambo likakuzwa, Reynolds akawekwa chini ya ulinzi, magazeti yakapata cha kuandika.

Katika filamu, Reynolds ameondolewa na mahali pake amewekwa Kapteni Louis Nolan, anayechezwa na David Hemmings. Mwanahistoria atakunja uso, kwa kuwa Nolan wa kweli alikuwa Hussars wa 15 na hakuhusika na chupa hiyo. Lakini mwandishi wa mswada, Charles Wood, alijua anachokifanya. Nolan ndiye atakayeibeba amri ya kushambulia kule Balaclava. Kwa kumkalisha mezani pa Cardigan, filamu inakuonesha ugonjwa wenyewe ukiwa bado mdogo, wa kuchekesha, kabla haujaua mtu: mkubwa anatazama chupa badala ya kuonja kilichomo, na aliye chini yake hana lugha ya kumwambia umekosea.

Sasa utajiuliza, mtu wa namna hii alipataje ukamanda? Alinunua. Sitii chumvi. Katika jeshi la Uingereza la wakati ule vyeo vya maofisa wa farasi na wa miguu, hadi luteni kanali, viliuzwa kwa bei iliyopangwa. Ya luteni kanali wa wapanda farasi ilikuwa pauni 6,175, na juu yake watu walizidishiana kwa siri. Kwa kikosi cha 11 Cardigan anatajwa kulipa kiasi cha pauni 40,000. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1871, miaka 17 baada ya Balaclava. Na usidhani sheria ilimgusa. Mwaka 1841 alishtakiwa kwa kumpiga risasi mtu katika pambano la bastola. Alihukumiwa na mabwana wenzake bungeni, akaachiwa kwa sababu mashtaka hayakuthibitisha kwamba jina kamili la aliyepigwa lilikuwa la mtu yule yule. Trevor Howard anamcheza kama fahali aliyevishwa sare ya kubana: anaunguruma, anajipenda, na ukimtazama vizuri utaona haelewi kabisa kwamba yeye ni kichekesho.

Kule Crimea Cardigan aliongoza Light Brigade, brigedi ya wapanda farasi wepesi, na aliyekuwa juu yake ni Lord Lucan, mkuu wa wapanda farasi wote. Lucan alikuwa amemwoa dada yake Cardigan. Mashemeji, basi, na hawapikiki chungu kimoja. Juu ya wote wawili ni Lord Raglan, mzee aliyepoteza mkono wa kulia Waterloo mwaka 1815, vitani na Wafaransa, na ambaye bado aliteleza ulimi akiwaita Wafaransa "adui", ilhali safari hii Wafaransa walikuwa upande wake na adui alikuwa Mrusi. John Gielgud anamcheza kwa upole wa babu anayetafuta miwani iliyo usoni pake. Kuna sanamu kubwa ya Wellington, jenerali aliyeshinda Waterloo, juu ya farasi inayosimama nje ya dirisha lake na kuziba mwanga. Wanafunzi wangu hupita hapo bila kucheka. Huwa nairudisha. Jeshi zima linaendeshwa kivulini mwa marehemu.

Tufike sasa tarehe 25 Oktoba 1854. Raglan yuko juu ya mwamba, anaona mabonde mawili na kigongo katikati. Kwenye kigongo kuna ngome ndogo walizokuwa wakilinda Waturuki, washirika wa Waingereza, na asubuhi ile Warusi wamezikamata pamoja na mizinga iliyokuwamo. Raglan anawaona Warusi wakijiandaa kuikokota. Anaamuru, msaidizi wake anaandika kwa penseli: wapanda farasi wasonge mbele haraka, wamfuate adui, wajaribu kumzuia asiondoke na mizinga. Huko juu maneno hayo yanaeleweka. Lakini Lucan yuko chini, vilima vimemziba. Haoni vizuri kigongo wala mizinga iliyotekwa. Anachokiona ni bonde refu la kama kilomita mbili, na mwisho wake mizinga mingine kabisa, ya Warusi, imepangwa ikimtazama, na mingine huku na huku ubavuni.

Mizinga ipi? Lucan anauliza, na Nolan, aliyeileta karatasi mbio, anarusha mkono kuelekea bondeni na kujibu kwa jeuri kwamba adui yako yule pale, na mizinga yako ile pale. Lucan angeweza kumshika farasi wa Nolan na kumwambia sijaelewa, nioneshe. Hakufanya hivyo. Bwana mkubwa hafafanuliwi mambo na kapteni, hasa kapteni anayemdharau waziwazi. Akampelekea Cardigan amri. Cardigan akamweleza kwamba kuna mizinga mbele na pande zote mbili, Lucan akakubali kwamba anajua, ila Raglan ndivyo atakavyo. Wakaishia hapo. Mashemeji wawili ambao huenda hawakuwahi kuzungumza kwa adabu namna ile miaka mingi, na walichokubaliana ni kupeleka watu wapatao 670 kwenye tanuri.

Hapa darasani huwa nachomekea jambo la lugha. Filamu ilipigwa Uturuki, na wengi wa hao "Waingereza" unaowaona juu ya farasi ni wanajeshi wa Uturuki waliovishwa sare. Neno letu "afande" limetoka kwa Waturuki, efendi, likapita kwa askari wa Misri na Sudani hadi likatufikia. Bonde lile lote la Balaclava nalisikia katika neno hilo moja: aliye chini anaitikia amri, haulizi.

Nolan hasemehewi, na hili napenda. Mwanzoni unamdhania shujaa: kijana mjuzi wa farasi, anayechukia viboko na vyeo vya kununua. Lakini naye ana kiu ya vita, anaamini tatizo ni wazee tu, wakipewa vijana mambo yatanyooka. Anamtaka mke wa rafiki yake, Clarissa wa Vanessa Redgrave, na kusema kweli sehemu hiyo ya mapenzi imepooza. Ningekuwa mhariri ningeipunguza nusu. Mara kikosi kilipoanza kutembea, Nolan alikimbiza farasi kuwapita wenzake mbele, na kipande cha kombora kikamuua wa kwanza. Kama alikuwa anajaribu kuwageuza au alishindwa tu kusubiri, wanabishana hadi leo. Cardigan alichokumbuka baadaye ni kwamba jamaa alipiga kelele kama mwanamke.

Niseme kidogo kuhusu katuni, maana ndipo kazi ya ufundi inaponona. Richard Williams alichora vipande vinavyofanana na michoro ya magazeti ya enzi ile: simba wa Uingereza, dubu wa Urusi, meli zikifuka moshi kwa mbwembwe. Hivyo ndivyo vita vilivyoonekana sebuleni London. Wahariri, Kevin Brownlow na Hugh Raggett, wanatoka kwenye katuni hizo na kukutupa kwenye nyasi kavu, ambako askari wanaanguka kwa kipindupindu kabla hawajamwona Mrusi hata mmoja. Hakuna anayekueleza kitu. Kichekesho kimo kwenye mkato, pale picha moja inapokatwa ikaja nyingine: ungechelewesha sekunde mbili tu, kingekufa. Mpiga picha, David Watkin, naye alitafuta lenzi kuukuu ili nuru iwe laini kama ya picha za kale, kwa hiyo hata uchafu unapendeza kidogo, na kupendeza huko kunakukera.

Kasoro nyingine ni kwamba Warusi, na hao Waturuki waliofia ngomeni asubuhi ile, hawana sura. Filamu inawacheka Waingereza kwa kujitazama wenyewe tu, nayo inawatazama wao tu.

Richardson alikataa kuwaonesha wahakiki filamu kabla haijatoka, wakakasirika, na sokoni haikufanya vizuri. Watu wengi walikuwa na picha ya mwaka 1936 kichwani, ya Errol Flynn, ambamo shambulio lile lile ni kisasi cha kishujaa na muziki unapaa. Farasi wengi walikufa kwenye upigaji wa hiyo ya Flynn, walitegwa kwa nyaya ili waanguke vizuri mbele ya kamera.

Ya Richardson inamalizia kwa wakubwa kusimama juu ya farasi zao wakitupiana lawama, nani aliandika, nani alisoma, nani alipaswa kuuliza. Sauti zao bado zinazozana, mkato unakuja, na tunabaki na farasi mmoja aliyekufa na inzi. Kijana wa nyuma alikuwa ameshaweka simu mfukoni. Akaomba nirudishe pale kwenye chupa.