Mkulima wa korosho asiyemo daftarini

Ukifika ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kule Tandahimba au Newala mkoani Mtwara msimu wa minada, karani atakufungulia daftari: jina, kilo, tarehe, sahihi. Mtafiti kijana hufurahi akiliona. Anajumlisha, anagawanya, kisha anatangaza mkulima wa Mtwara anavuna kilo ngapi. Mimi nafundisha ekonometriki, yaani hesabu za kupima mambo ya uchumi, na humuuliza: yule aliyeuza kwa kangomba, yaani nje ya mnada na kabla ya mavuno, yuko wapi?

Maana hayumo. Chakula kiliisha ndani, ada ya mtoto ikambana, akamalizana na mnunuzi mikorosho ingali na maua. Mara nyingi ndiye huyohuyo aliyekosa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ukamharibia maua. Waliomo daftarini ni walioweza kusubiri mnada. Hata ukiongeza majina elfu kumi ya wenzao, kosa linabaki palepale.

James Heckman wa Chuo Kikuu cha Chicago alikabiliana na jambo hili miaka ya 1970, akichunguza mishahara ya wanawake: mshahara huonekana kwa aliyeajiriwa tu. Makala yake ya 1979 ilionyesha njia ya hatua mbili, na mwaka 2000 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Daniel McFadden.

Kwanza unakadiria uwezekano wa kila mkulima kuingia daftarini. Hapo huna budi kupita nyumba kwa nyumba, kwani hata wasiomo lazima uwajue: shamba lao, watoto wao walio shuleni. Kisha kutokana na kadirio hilo unapata kirekebishi, yaani namba ya kufidia kukosekana kwa wasiomo, unakiingiza kwenye hesabu ya mavuno. Ila njia hii inasimama imara ukiwa na nguzo moja: jambo linalomwingiza mtu daftarini bila kuongeza wala kupunguza korosho mtini. Wengi hutaja umbali wa kutoka nyumbani hadi ghalani.

Umbali huo mimi siuamini upesi. Salfa nayo hugawiwa kupitia AMCOS. Aliye mbali akichelewa kuipata, maua yanashambuliwa, mavuno yanashuka. Umbali umeshagusa mti wenyewe, na nguzo imeanguka. Kompyuta haitakwambia hilo. Itakupa jibu lenye desimali nne. Ndiyo maana wanafunzi wangu huwatuma kijijini kwanza, wakamuulize mkulima: salfa uliichukulia wapi, na siku unapulizia, maua yalikuwa na hali gani?