Ushuhuda na Mkoba: Kumfuata Mtu Alipo

Ukipita ofisi ya serikali ya mtaa asubuhi ukakuta kina mama wamekaa kwenye mabenchi na watoto mapajani, na muuguzi amefungua kasha la baridi la chanjo juu ya meza, hiyo ndiyo huduma ya mkoba. Jina linajieleza lenyewe: zahanati haikungoja kufuatwa, imetiwa mkobani ikapelekwa kwa watu. Neno lilizoeleka kwenye chanjo na kliniki, ila siku hizi naliona linamfaa kila mwenye jambo la kuwaambia watu, awe anachangisha damu au anafundisha usalama barabarani.

Neno la pili ni ushuhuda. Linatoka kwenye Kiarabu pamoja na ndugu zake shahidi na shahada, na kushuhudia ni kuona jambo kwa macho yako mwenyewe. Katika matumizi ya kila siku tumeligawa: ushahidi tumewaachia polisi na mahakama, ushuhuda ni wa mtu anayesimulia yaliyompata ili wengine wapate faida. Dar es Salaam neno lina harufu ya mkutano wa injili pia. Ukilitaja, wengi huona kwanza uwanja uliojaa, spika kubwa na mtu aliyekuwa hatembei. Ndiyo maana ukiwaambia wahamasishaji wakuletee ushuhuda, mara nyingi wanakuletea muujiza: mwanzo wa kutisha, kilio katikati, nuru mwishoni. Hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Nilitofautiana nao siku moja Mbagala Rangi Tatu, kwenye kijiwe cha bodaboda, nilikokwenda kama mbeba spika tu. Mada ilikuwa kofia ngumu. Afisa aliyetutangulia alisema kofia inapunguza hatari ya dereva kufa ajalini kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Takwimu hizo ni za kweli, zimetokana na tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja. Kijana mmoja aliendelea kupangusa tangi. Mwingine alikuwa anabishana na abiria juu ya nauli ya buku jero, yaani shilingi 1,500.

Akafuata dereva mwenzao, mwenye kovu lililoanzia juu ya sikio likapotelea kwenye nywele. Kipaza sauti alikikataa. Alikaa upande kwenye siti ya pikipiki ya mtu, akasema: “Wanangu, kofia nilikuwa nayo. Ilikuwa inaning'inia kwenye usukani.”

Niliona watu watatu wanatupia jicho usukani wao.

“Nimezinduka Muhimbili siku ya tatu. Mama watoto ananiuliza namba ya siri ya simu, akanunue dawa. Siikumbuki. Hela ni yangu, simu ni yangu, iko mkononi, na siipati hela. Huku tajiri anapiga, anataka hesabu.”

Walicheka kwa sauti, hasa hapo kwenye hesabu, fedha ambayo dereva humpelekea tajiri, mwenye pikipiki. Halafu kicheko kikakatika, na yule wa buku jero akamwachia abiria wake aende na mtu mwingine.

Angalia alichokisema na alichokiacha. Hakuitaja damu, wala hakumlilia mtu. Ajali yenyewe hakuisimulia kabisa. Aliwapa vitu viwili ambavyo kila aliyekuwepo pale anavyo: usukani wenye kofia iliyoning'inizwa, na namba ya siri inayojulikana na mtu mmoja tu. Mtu anayesikia habari ya kutisha sana hujiambia kwamba huyo ni mwingine, mimi niko makini. Anayesikia habari ya namba ya siri hana pa kujificha, kwa sababu yeye pia hajamwambia mkewe. Ushuhuda unaoshika ni ule ambao msikilizaji anakiona kitu chake ndani ya maisha ya mwenzake.

Watu huuchanganya na hadithi ya kutunga, ambayo nayo ina kazi yake. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, wenye dereva wa lori aitwaye Mkwaju, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Dodoma haukurushwa hadi mwaka 1995, makusudi, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia, na tofauti ikaonekana. Mkwaju hakuwahi kuzaliwa, lakini madereva kama yeye walikuwepo, na wasikilizaji walimjua. Faida ya mhusika wa kutunga ni kwamba unaweza kumtia aibu unavyotaka. Mtu halisi huwezi.

Kwa hiyo ridhaa si karatasi ya kusainiwa tu. Aliyekubali kusimulia kijiweni Mbagala hajakubali video yake izunguke kwenye simu za watu hadi kijijini kwa mama yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na hata bila sheria, mwenye kisa ndiye wa kuamua kinaishia wapi, tena ana haki ya kubadili mawazo kesho. Nimeona pia mtu akizungushwa na kisa kilekile mitaa kumi mpaka kikawa wimbo. Anasimulia huku anaangalia saa, na wasikilizaji wanajua.

Na mkoba? Bila huo, ushuhuda unabaki burudani. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 inatajwa hadi leo kwa sababu ya redio, lakini redio ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa vikundi vya kusikiliza: watu takriban milioni 2 walikaa na majirani zao kwa wiki 12, wakasikia kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Aliyesikia na aliyeshika jembe alikuwa mtu yuleyule, mahali palepale. Siku hizi tunamaliza kusimulia, tunapiga picha ya pamoja, gari linaondoka.

Hata sisi ilitukuta Rangi Tatu. Dereva yule aliponyamaza, yule wa kupangusa tangi aliuliza swali la kwanza la siku nzima: “Kaka, hiyo kofia yenyewe bei gani?” Tuliangaliana. Tulikuwa na spika, vipeperushi, fulana na maji ya chupa. Kofia hatukuwa nayo hata moja, na bei hatukuijua. Mwenye kovu ndiye aliyejibu, akawaelekeza mtaa wa Kariakoo, akawatajia bei ya kuanzia na bei ya kukomea, akawaambia wasikubali isiyo na mkanda wa kidevuni. Afisa alitoa kalamu akaandika nyuma ya kipeperushi.