Mmea mtoro wa bustani ni nini? Tuutazame kwa alizeti pori

Mmea mtoro wa bustani ni ule ulioletwa na watu kwa ajili ya pambo au uzio, kisha ukatoka nje ya bustani na kuendelea kuzaliana porini bila kupandwa wala kumwagiliwa. Ugeni peke yake hautoshi. Waridi linalokauka ukiacha kulitunza halijatoroka.

Alizeti pori, yaani tithonia, tunaiona kila siku. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ililetwa kama ua la kupendezesha nyumba, na leo imejaa kandokando ya barabara na mipakani mwa mashamba huko Kenya magharibi, Uganda na Rwanda. Hurefuka mita 2 hadi 3, maua yake ni ya njano, na majani ni machungu mno.

Mbegu zake ni nyepesi, lakini usilisahau shina. Kipande kilichokatwa kikidondoka penye unyevu huota mizizi. Ndiyo maana anayefyeka na kurundika mabua kando ya mto hujikuta na kichaka kipya, huku visiki alivyoacha vikichipua upya. Ing'oe na mizizi yake ingali changa, kabla haijatoa maua, na mabua uyaanike mahali pakavu.

Mtoro si lazima awe mvamizi. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu ni umbali: mbegu zikiotesha mimea inayozaa zaidi ya mita 100 kutoka kwa mmea mama katika muda usiofika miaka 50, huo ni uvamizi. Kwa mimea inayotambaa kwa mizizi au mashina, ni zaidi ya mita 6 kwa miaka 3. Madhara hupimwa kivyake.

Tithonia ina faida pia, kama mbolea ya shambani. Majani yake yakikauka huwa na nitrojeni takriban asilimia 3.5 na potasiamu asilimia 4, na huoza upesi. Chuma majani na vitawi laini, katakata, changanya na udongo kina cha sentimita 15. Mabua magumu yaache. Kazi kubwa ni kubeba, maana majani mabichi ni maji matupu. Kwa sukumawiki inalipa kuliko kwa mahindi. Fosforasi yake ni kidogo, kama asilimia 0.4, na yote imechotwa pale mpakani ilipoota, kwa hiyo shamba lenye upungufu wa fosforasi bado litahitaji mbolea ya dukani.